Pikapu ya Kusukuma

Huku kwetu Ufipa gari huegeshwa likiangalia mteremko. Mgeni akija akaliacha lake penye tambarare tunajua ama ametoka mbali, ama ana betri mpya na anataka tujue. Sisi wengine tunatafuta mteremko kwanza, kivuli baadaye. Asubuhi za Juni baridi ikiuma, unaachia breki, gari linaserereka lenyewe, unatia gia ya pili, unaachia klachi, linakohoa mara mbili tatu, linawaka. Ukipita kanisani Jumapili utakuta magari yote yameinamisha pua upande mmoja, na anayetaka kuondoka wa kwanza lazima awe amepaki wa mbele.

Kwa hiyo mume wangu alipotangaza kwamba stata ya pikapu yake imekufa, hakuna aliyeshangaa. Alitangaza kwelikweli. Aliwaambia kaka zake, majirani, hata katekista alimsimamisha njiani akamwambia. "Stata imekufa, natafuta nyingine." Kutafuta huko kulichukua miaka. Watoto walikua, wakaenda shule za bweni, stata bado inatafutwa.

Nyumbani hapakuwa na shida, ua wetu ukiishia pana mteremko mzuri. Shida ilikuwa mjini Sumbawanga, pale sokoni ambapo ardhi imelala kama meza. Aliyekuwa anasukuma ni mimi. Nimesukuma nikiwa na kitenge cha Pasaka. Nimesukuma nikiwa na mimba ya kitindamimba wetu. Yeye yuko ndani, kiwiko kiko dirishani, ananiambia, "Ongeza kidogo, mama watoto, linakaribia!" Nami mdomo wangu haujawahi kuwa mfupi, nilikuwa nasukuma huku namtukania gari lake, yeye anacheka, na mpaka injini inawaka tumeshagombana na kupatana. Nilipomuuliza anafanyaje akishuka peke yake bondeni, Mtowisa, kwenye tambarare ile isiyo na mwisho, aliniambia wafugaji wanamvuta kwa ng'ombe. Nikaamini. Nilikuwa nikiwaza wale maksai na kamba, naona hata huruma.

Kisha akapigwa na kiharusi. Ilikuwa wakati wa palizi. Alitoka kuangalia mahindi akarudi amebebwa, upande wa kulia umelala, maneno yamekatika. Alibakiwa na "aa" peke yake. Kila kitu anasikia, kila kitu anaelewa, lakini mdomo unatoa "aa" tu. Hospitalini walituambia mazoezi, kila wiki, asikose hata wiki moja, kwa sababu mkono na mguu wa mtu wa namna hii ukiuacha ulale, unalala moja kwa moja.

Kutoka kijijini kwetu mpaka Sumbawanga si mbali kwa mtu mzima. Kwa mtu wa nusu mwili ni safari nyingine. Tulimpandisha bodaboda tukamfunga kwa kanga mgongoni mwa dereva, mimi nikakaa nyuma nimemkumbatia asianguke. Watu wakatupisha njiani, wengine wakavua kofia. Tulipofika niliona amelia njia nzima. Hakulia kwa maumivu. Ni aibu ya kufungwa kama mzigo wa maharage mbele ya watu waliozoea kumwona nyuma ya usukani. Nikaapa palepale kwenye benchi la hospitali kwamba mume wangu hatapanda tena bodaboda.

Gari tulikuwa nalo, na kuendesha najua. Alinifundisha mwenyewe kwenye uwanja wa mpira wa shule. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nishuke Mtowisa na Ilemba wakati huu wa mavuno ya mpunga, nipakie mchele, niuze Sumbawanga, na siku ya mazoezi nimlaze mume wangu vizuri kwenye kiti cha mbele nimpeleke. Mchele unalipa mafuta, mafuta yanampeleka mgonjwa.

Shemeji yangu mkubwa, kaka yake mume wangu na ndiye anayeongoza familia, alikuwa na mpango wake. Aliitisha kikao barazani kwetu. Mama mkwe wangu alikaa kwenye mkeka, mume wangu kwenye kiti chake cha mikono, mimi kwenye kigoda karibu na mlango.

"Shemeji," akaanza, "mnunuzi amepatikana. Ni mfugaji wa huko bondeni, mtu mwelewa. Tuliuze gari, hela imtibu mdogo wangu."

"Na kliniki tutakwenda na nini?"

"Tutakodi."

"Tutakodi kila wiki?"

Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na akili. "Gari la kusukuma si la mwanamke peke yake," akasema. "Likizimika kule Mtowisa, jua lile, mgonjwa yumo ndani, nani atakusukuma? Yeye walikuwa wanamjua, wakamfungia ng'ombe. Wewe watakufungia?"

Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali. Nikaona kesi inanielemea, na mimi nikielemewa huwa situlii.

"Na likipiga stata lenyewe?"

Wote wakaniangalia.

"Kwa funguo," nikasema. "Mimi nimekaa ndani, hakuna mtu nyuma, hakuna mteremko. Likipiga?"

Shemeji akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Likipiga stata lenyewe hapa uani mbele yangu, ni lako, sitalitaja tena. Mnunuzi anakuja Jumapili baada ya misa. Lisipopiga, anaondoka nalo."

Hapo mume wangu akaanza. "Aa! Aa!" Macho yamemtoka, mkono wa kushoto umeinuka, kidole gumba kinajikunja na kujikunjua, kinajikunja na kujikunjua.

"Mnaona?" shemeji akasema. "Naye amekubali."

Kesho yake nilikwenda Sumbawanga kutafuta stata ya mtumba. Nyuma ya stendi kuna fundi umeme wa magari, kijana mwenye banda la mabati. Nilimkuta amelala chini ya lori, miguu tu iko nje. Nikaiambia miguu hiyo ninachotaka.

"Shikamoo, mama," miguu ikajibu. Halafu akajivuta akatoka. "Nani amekwambia stata imekufa?"

"Mume wangu."

"Aliipima?"

Nikamwambia basi aje aipime yeye. Akasema hawezi, anashuka bondeni kufunga mota za mashine za kukoboa mpunga, hatarudi mpaka wiki nyingine. Nikamwambia wiki nyingine gari halitakuwepo, na sababu nikamweleza. Akajikuna shingo. Kisha akaingia bandani akatoka na balbu ndogo iliyounganishwa nyaya mbili, mmoja una kibanio, mwingine una msumari mwembamba.

"Hii taa ndiyo itakayokwambia. Umeme unatoka kwenye betri, unakwenda kwenye swichi ya funguo, ukigeuza funguo unashuka kwenye stata. Bana waya huu kwenye chuma cha gari, huu mwingine uguse unapopatilia shaka. Ikiwaka, umeme umefika. Isipowaka, umekwama nyuma. Usikisie, mama. Wanaokisia ndio wanaonunua stata mbili na gari bado linasukumwa."

Alinionyesha kwenye lori lile, nikagusa hapa, nikagusa pale. Akanifundisha na namna ya kuipima stata yenyewe kwa bisibisi. Kisha akanikaririsha yote tangu mwanzo, nami nikakariri kama mtoto wa komunyo ya kwanza: gia iwe nyutro, breki ya mkono juu, jiwe kwenye tairi, ndipo mengine.

Nilirudi nyumbani nina moto. Lakini kabla sijafungua boneti, kijiji kizima kilikuwa na ushauri, na ushauri ulikuwa mmoja: mwagia maji ya moto vichwa vya betri. Kesho yake asubuhi nikatii. Nikachemsha, nikamwagia, nikasugua kwa msasa mpaka vichwa vikang'aa, nikakaza. Nikageuza funguo. Kimya. Hata tiki hakuna. Asubuhi nzima imekwenda, na fundi alikuwa ameniambia nisikisie.

Nikaanza upya, safari hii kwa kukariri. Kwanza taa kubwa. Nilihitaji mtu wa kugeuza funguo nami nikiwa mbele, na mtu aliyekuwepo ni mama mkwe wangu. Hajawahi kukaa nyuma ya usukani tangu azaliwe. Alipanda kwa shida, akajifunga kanga vizuri, akafanya ishara ya msalaba.

"Nisije nikaondoka nalo, mwanangu."

"Huwezi, mama, nimeweka jiwe. Geuza mpaka mwisho, ushikilie."

Akageuza. Taa hazikufifia hata chembe. Ziliendelea kuniangalia macho makavu. Fundi alikuwa ameniambia maana yake: zikififia, stata inavuta umeme ila betri imechoka, zikibaki ziking'aa na kimya, hakuna umeme unaofika kwenye stata. Betri ikawa haina kosa. Maji yangu ya moto yalikuwa ya bure.

Muda wote huo mume wangu alikuwa barazani. Kila funguo ikigeuzwa, "Aa! Aa!" na kile kidole gumba kinabonyeza hewani. Mama mkwe akateremka garini akaenda kumtazama.

"Anataka rozari," akasema. "Angalia kidole, anahesabu shanga."

Akaingia ndani akaleta rozari yake mwenyewe, ile ya mbao aliyoibusu mpaka ikawa nyeusi, akamwekea mkononi. Mume wangu akaiangalia, akaitupa chini. Mama yule alilia. Kuona mtoto wake aliyembatiza akitupa rozari kulimuumiza kuliko kiharusi chenyewe. Mimi nikaona nimeelewa: hawezi kuvumilia kuona gari lake linafukuliwa na mkewe. Nikamwendea, nikamfunika miguu kwa blanketi.

"Tulia, baba watoto. Tulia, utachoka."

Ndivyo tulivyokuwa tunamsemesha siku hizo, sote, kwa ile sauti ya wodini. Watoto wakipiga simu walinong'ona. Hata mimi, niliyekuwa nasikika mpaka kwa jirani wa tatu, nilikuwa natembea kwa ncha za vidole mbele yake. Nikamwomba mama mkwe amhamishie nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, apate jua na asione. Alipokuwa anazungushwa na kiti chake aliniangalia, na mimi nikakwepa macho yake kwa sababu nilikuwa na kazi.

Siku iliyofuata, Jumamosi, nikaingia chini ya gari na bisibisi. Stata ina mguu mnene unaopokea waya wa betri moja kwa moja na mguu mwembamba unaopokea umeme wa funguo. Ukiiunganisha miguu hiyo kwa bisibisi na stata ikazunguka, basi stata ni nzima. Niliogopa, sikatai. Nilihakikisha nyutro, nikahakikisha breki, nikahakikisha jiwe, nikarudi nikahakikisha jiwe tena. Kisha nikagusisha.

Cheche zikaruka na stata ikazunguka. Gari zima likatikisika juu yangu, nikajigonga kichwa kwenye chuma, na mama mkwe aliyekuwa amekaa ndani akingoja kuitwa akatoka na kukimbia mpaka kwenye banda la kuku akimwita Yesu.

"Ni nzima, mama!" nikapiga kelele kutoka chini. "Stata ni nzima!"

Nililala pale mavumbini nikacheka peke yangu. Halafu nikamhurumia mume wangu, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nikasema moyoni, maskini, miaka yote hii anasukumwa bure kwa kukosa mtu wa kumpimia. Kama angejua.

Nikambembeleza mama mkwe arudi garini. Nikabana taa ya fundi kwenye chuma, msumari nikaugusisha kwenye ule mguu mwembamba. "Geuza!" Akageuza. Taa haikuwaka. Nikahamia ndani, nikafungua zile plastiki zinazofunika shingo ya usukani, nikagusa waya unaotoka kwenye swichi ya funguo. "Geuza!" Ikawaka. Iliwaka vizuri, nyekundu kidogo, mama mkwe akaipigia makofi. Kwa hiyo umeme unatoka kwenye funguo na haufiki kwenye stata. Umekwama katikati, mahali fulani kwenye waya mmoja usiofika hata urefu wa kitanda. Ningeendelea saa ileile, lakini jua lilikuwa linazama, na mgonjwa anatakiwa kuogeshwa na kulishwa. Usiku sikupata usingizi wa maana.

Jumapili sikwenda misa. Mama mkwe aliniangalia nilivyovaa kanga ya kazi, akasema ataniombea, na kwa jinsi alivyosema sikujua ananiombea nini. Wote wakaondoka. Tulibaki mimi na mume wangu, yeye amekaa nyuma ya nyumba juani, mimi nimelala chali kwenye sakafu ya gari, kichwa kiko chini ya usukani na miguu iko nje ya mlango.

Niliushika ule waya kwa vidole na sikuuachia. Ulikuwa mweusi na mnene kidogo. Ulitoka kwenye swichi ya funguo, ukapanda, ukajiunga na wenzake, ukashuka nao kuelekea tundu la kupitia injini. Kabla ya tundu ukaachana nao. Hapo palikuwa na utepe mweusi wa umeme. Niliubandua. Waya ulikuwa umekatwa, umekatwa kwa makusudi, na ncha zake zimeunganishwa na waya mwingine mweupe, waya wa nyumbani wa taa, ambao haukuwa na kazi yoyote ndani ya gari. Waya mweupe ukashuka chini ya mkeka wa miguu, ukapita pembeni, ukaingia chini ya kiti cha dereva. Nikapeleka mkono.

Niliigusa kabla sijaiona, na nikaijua kwa kuigusa. Ilikuwa ile swichi ndogo ya kubonyeza ya taa yetu ya kitandani, taa tuliyozawadiwa siku ya harusi. Mume wangu aliniambia panya wamekata waya wake, akaitoa chumbani, na mimi nikanunua sumu ya panya. Ilikuwa imefungwa kwa skrubu kwenye chuma cha kiti, mahali ambapo mkono wa kushoto wa dereva ukishuka kidogo tu, kidole gumba kinaifikia.

Kidole gumba.

Nikakaa kwenye kiti. Nikashusha mkono wa kushoto, nikabonyeza. Nikageuza funguo. Stata ikapiga mara moja, injini ikawaka, safi, bila kukohoa. Nikaizima haraka kama mtu aliyeshikwa ndani ya nyumba ya watu, nikabonyeza tena swichi irudi ilivyokuwa.

Kwanza nilifurahi, nilifurahi mpaka nikapiga usukani kwa ngumi. Kisha furaha ikaanza kuchacha. Soko la Sumbawanga likanijia, kisha lango la kanisa, kisha ile siku ya mvua mbele ya kituo cha mafuta nilipoteleza nikaanguka kifudifudi, yeye akashuka kuniokota, akanipangusa uso, akaniomba nisukume tena. Na swichi iko pale. Ng'ombe wa Mtowisa wakanijia pia, wale niliowaonea huruma.

Sababu sikuhitaji kuulizia. Kabla stata "haijafa", pikapu ile ilikuwa ya ukoo mzima. Mbolea ya shemeji, kwaya ya kigango, msiba wa binamu, matofali ya mtu ambaye hata undugu wake hatukuweza kuueleza. Gari lilikuwa linarudi tangi kavu na tope mpaka kwenye paa. Kwetu huku mdogo hamnyimi kaka yake mkubwa gari usoni, hilo halipo. Na akitaka kujificha asionekane, walikuja kwangu, na mimi sikujua kunyima; nilikuwa natoa funguo na karanga za kula njiani. Kwa hiyo aliiua stata kwa mdomo wake. Gari la kusukuma halikuazimwa na mtu. Mimi hakuniambia kwa sababu alijua shemeji angeniuliza tu kidogo nami ningemwambia mpaka rangi ya waya.

Niliteremka kwenda nyuma ya nyumba nikiwa nimebeba maneno ya miaka yote ile. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya jikoni niliposikia pikipiki, kisha sauti za watu wanaotoka kanisani. Mama mkwe, shemeji, na mfugaji, mtu mrefu mpole mwenye kofia pana, akiwaamkia wakubwa kwa heshima zote. Nikayameza maneno. Yalikuwa makubwa kumeza.

Mume wangu akaletwa barazani. Shemeji akakagua uani: ardhi tambarare, hakuna mtu nyuma ya gari. Nikapanda. Nikainama kutengeneza kanga yangu, mkono wa kushoto ukashuka, nikabonyeza. Nikageuza funguo.

Lilipowaka mama mkwe alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Shemeji alizunguka nyuma kutazama kama kuna mtu amejificha. Mfugaji akavua kofia, akasikiliza injini ikiunguruma, akasema taratibu, "Sasa ndiyo nalitaka zaidi. Naongeza."

Hilo sikuwa nimeliwaza, kwamba nimelitengeneza gari ili lipate bei. Shemeji alitazama chini muda mrefu, anasugua kiatu kwenye vumbi. Angeweza kugeuka, na hakuna ambaye angemzuia.

"Hapana," akasema. "Nilitoa neno mbele ya mama yangu. Gari ni la shemeji." Kisha akanigeukia. "Lilikuwa na nini?"

Wote wakangoja. Nikamwangalia mume wangu kule kwenye kiti. Hata siku ile ya hospitali sikumwona na hofu kama ile. Alikuwa haongei hata "aa".

"Waya ulikuwa umekatika," nikasema. "Chini huko."

"Waya tu?"

"Waya tu."

Shemeji akapumua, akatabasamu, akanipa mkono kwa furaha ya kweli. "Basi vizuri sana, shemeji. Kwa kuwa sasa linawaka, Jumanne nina mbolea yangu ya kupeleka shamba la mtoni."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe kusema sawa, kama ulivyozoea. Sijui nini kilinishika. Nikaufunga, nikaufungua tena.

"Jumanne lina safari ya Mtowisa, shemeji. Jumatano linampeleka mgonjwa."

"Alhamisi?"

"Alhamisi tutaona."

Alinitazama kama hajawahi kuniona. Lakini alikuwa na njaa, na mama mkwe alikuwa ameshasonga ugali wa ulezi. Wakala na maharage, wakamsifu fundi wa mjini ambaye hakukanyaga hapa, wakaaga. Nilisimama uani nikisikiliza pikipiki mpaka ikapotea kabisa.

Ndipo nikaenda kusimama mbele ya kile kiti. Nilikuwa sijamfokea tangu augue.

"Ng'ombe!" nikasema, na sauti yangu ikanishtua mwenyewe. "Ukaniambia ng'ombe! Nimenunua sumu ya panya, wewe mwanamume, panya gani? Nikiwa na mimba ile, unanisukumisha sokoni watu wakitazama, umeweka kiwiko dirishani! Na mvua ile nilipoanguka! Ulishindwa kuinua kidole? Kidole kimoja?"

Mama mkwe alitoka jikoni mbio, mwiko bado uko mkononi, ugali umeganda juu yake. "We mama! Unamfokea mgonjwa?"

"Simfokei mgonjwa, mama," nikamwambia, na machozi yalikuwa yananitoka. "Namfokea mume wangu."

Akamgeukia mwanawe amtulize, akakuta anacheka. Anacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, mabega yote mawili yanatikisika, lile zima na lile la kiharusi. Kwa mkono wake wa kushoto akamwashiria mama yake arudi jikoni. Kisha akanigeukia mimi, akanipungia mkono uleule, niendelee.